Ujira wa saidia fundi

Nasimamia saiti za Korogwe na Handeni: madarasa, nyumba za walimu, nyumba za watu binafsi. Kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, huuliza saidia fundi wanalipwaje wiki hiyo. Kwa jibu hilo najua hali ya wilaya hizi mbili.

Ujira wa fundi mwashi hauyumbi sana. Ana jina lake, mwiko wake na pima maji yake. Ukimpunja anapanda basi kwenda Tanga. Unaoyumba ni wa saidia, yule anayechanganya zege na kubeba karai. Kazi yake haidai cheti, kwa hiyo kila mwenye shida huikimbilia, na kila mwenye shamba linalomwita huiacha.

Masika ikishika vizuri Handeni, saidia hawapatikani. Wako kwenye mahindi, na aliyebaki anataja bei nami nalipa. Mvua ikikata, vijana wa Mkata, Kabuku na Kwamatuku wanamiminika Korogwe. Wengine huomba kibarua kwenye mashamba ya mkonge, Ngombezi na Magunga. Wengine wanatujia saiti alfajiri, wengi kuliko kazi iliyopo. Msimamizi asiye na huruma hushusha ujira siku hiyohiyo. Kwa hiyo ujira ukishuka Korogwe, mimi huuliza kwanza habari za mahindi ya Handeni. Mara nyingi njaa imeshaanza kubisha hodi kabla kikao chochote hakijaitwa.

Ujira kupanda nako kuna mtego. Mwishoni mwa 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za UVIKO-19 zilizotokana na mkopo wa IMF. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20, na yote yalitakiwa kuwa tayari kabla ya muhula wa Januari 2022. Hapakuwa na mkandarasi: shule ilinunua vifaa yenyewe na kuita mafundi wa jirani. Kuta zilikuwa zinainuka kila upande wiki zilezile, na mafundi wakawa adimu. Saidia aliyejua kupanga tofali kidogo akawa fundi, akalipwa kifundi. Ila milioni 20 ni ileile, haiongezeki. Kamati za ujenzi za shule zikakimbilia mkataba wa jumla: hela moja kwa darasa zima, fundi agawane na watu wake. Aliyebanwa mwishoni ni yule wa karai. Januari ilipofika kazi zilikwisha, na vijana walewale wakarudi kijiweni. Ambaye angepima ujira Desemba peke yake angeandika kwamba wilaya zimeneemeka.

Shilingi yenyewe pia haitoshi kusoma hali. Saidia akipata 10,000 na sembe ikiwa 1,200 kwa kilo, siku yake ni kilo nane na kitu. Sembe ikifika 2,000, siku hiyohiyo ni kilo tano, na kuna watoto, kodi ya chumba na dawa. Ujira haujaguswa, lakini mtu amepoteza zaidi ya theluthi ya siku yake. Kule Uingereza, miaka ya 1950, watafiti Phelps Brown na Sheila Hopkins walilinganisha ujira wa wajenzi wa karne saba na bei ya mahitaji ya nyumbani. Waliweza kwa sababu kuna watu walioandika malipo yale na kuyatunza.

Kwetu nani anaandika? Takwimu za ajira na mapato katika sekta rasmi hazimgusi anayelipwa mkononi jioni. Utafiti wa nguvukazi humfikia, lakini baada ya ule wa 2014 tulingoja hadi wa 2020/21. Miaka yote hiyo mvua ilikata na kurudi mara kadhaa.

Na karatasi zipo. Kila kamati ya ujenzi ya shule ina faili lenye mikataba ya mafundi, na vibarua huweka saini au dole gumba wanapolipwa. Naziomba halmashauri zetu, za mji na za wilaya, Korogwe na Handeni: afisa mipango akusanye malipo hayo kila mwezi, aandike pembeni bei ya kilo ya sembe sokoni siku hiyo, kisha abandike ukutani tuyaone. Ujira wa saidia ukishuka miezi miwili mfululizo wakati sembe inapanda, chakula cha msaada kianze kuandaliwa Handeni, bila kungoja ripoti ya mwaka.