Kimara, Mwisho wa Gari

Mbagala tuliiona Jumapili, na Jumapili ilitudanganya. Ilikuwa mwaka 1985, tuna miezi minne ya ndoa, bado tunalala sebuleni kwa shangazi yangu Magomeni Mapipa. Tulipanda gari Kariakoo saa nne asubuhi, tukapata viti wote wawili, upepo wa Barabara ya Kilwa ukiingia dirishani, na kabla sijamaliza kumenya chungwa tukawa tumefika. Chumba chenyewe kilipendeza: sakafu ya saruji, dirisha lenye nondo, mwembe uani. Mume wangu alitaka kutoa kodi ya miezi sita palepale.

Jioni nikamsimulia shangazi. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Maji umeuliza?"

"Nimeuliza, shangazi."

"Na asubuhi gari linapatikana vipi?"

Nikanyamaza.

"Basi mwanangu, hela msitoe. Tuna mtu wetu kule. Jumapili ijayo nenda kalale kwake, Jumatatu uondokee huko kwenda kazini. Ndipo utaijua Mbagala."

Nikaenda. Alfajiri ya saa kumi na moja na nusu nilikuwa kituoni, na watu walikwishajaa kama wanangoja mgao wa sukari. Magari manne yalipita bila kusimama, makonda wakining'inia mlangoni. La tano nilipanda kwa mguu mmoja, mwingine ukabaki hewani mpaka Mtoni. Wakati huo nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja karibu na Kivukoni, kazi inaanza saa moja na nusu. Nilipofika, mstari mwekundu ulikwishapigwa kwenye daftari la mahudhurio, na jina langu likaandikwa chini yake. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Nikaenda chooni nikalia.

Vijana wa leo wanaona foleni ndiyo shida. Shida yetu sisi ilikuwa gari lenyewe. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lililoanzishwa mwaka 1974, lilikuwa na abiria wengi kuliko mabasi yake yalivyoweza kubeba, na basi likiharibika vipuri havipatikani kwa sababu nchi haikuwa na fedha za kigeni. Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi yabebe abiria kwa shilingi tano. Sarafu ya shilingi tano tulikuwa tukiiita dala, na makonda wakawa wanapaza sauti "dala, dala!" hadi gari nalo likapewa jina hilo. Mengine yalikuwa malori madogo yaliyofungwa mabenchi nyuma. Tuliyaita chai maharage. Mnakaa mkitazamana, magoti yanagongana, na mwanamke mwenye sketi ya ofisini hapandi mpaka ashikwe mkono na avutwe.

Mbagala ikatutoka moyoni. Tukaanza kuhesabu upya, na hesabu yetu ilikuwa ya watu wawili, jambo ambalo wengi hulisahau. Mume wangu alikuwa Urafiki, kiwanda cha nguo kule Ubungo, anafanya kazi kwa zamu. Mimi niko mjini. Kigamboni kulikuwa na vyumba vya bei nafuu na upepo wa bahari, lakini asubuhi yako yote iko mikononi mwa pantoni. Gongo la Mboto ilikuwa mbali na sote wawili. Tabata ilitupendeza kwa ukaribu, ila upepo ulipogeuka ulikuja na moshi wa dampo la jiji, na mimi nilikuwa nimeanza kuwaza mtoto. Wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani kwa sababu ya moshi huo, na mwaka 1988 wakashinda. Niliposikia habari hiyo nilifurahi kana kwamba nami nilikuwa mdai.

Ikabaki Barabara ya Morogoro. Mume wangu akasema Manzese: kazini kwake angekwenda kwa miguu, na mimi mjini si mbali. Kwenye ramani alikuwa na haki. Shangazi akakataa katakata. Manzese, alisema, ni katikati ya njia, na gari linapofika katikati limekwishajaa. Kaeni linakoanzia.

Linakoanzia ilikuwa Kimara Mwisho, yapata kilomita 15 kutoka Posta. Siku zile ilikuwa mikorosho na mashamba ya mihogo, nyumba moja huku, nyingine kule. Tulipata chumba katika nyumba ya Kiswahili, vyumba vitatu upande huu, vitatu upande ule, korido katikati, choo na bafu uani. Kodi ilikuwa nusu ya ile ya Magomeni. Umeme hapakuwa. Maji tuliteka kisimani bondeni, na kupanda kile kilima na ndoo kichwani, baada ya siku nzima ya kazi, ni kitu ambacho magoti yangu yanakikumbuka mpaka leo. Sitaki mtu adhani tulipata rahisi. Tulilipa, ila tulilipa kwa maji badala ya kulipa kwa mstari mwekundu, na hilo tulilichagua wenyewe.

Kwa sababu kila asubuhi nilikaa. Gari lilikuja tupu, nikachagua kiti cha dirishani, nikalala toka Kimara hadi nisikie konda akiita "Faya!" Siku nilizobaki macho, pale Ubungo na Manzese niliwaona wenzangu wakining'inia na viatu mkononi, na niliona haya kuwatazama. Miaka michache baadaye wakaanza kugeuza: mtu wa Manzese anapanda gari linalokwenda Kimara, analipa nauli mara mbili, ili mradi arudi nalo akiwa amekaa. Tukawa tunalikuta gari limejaa hata kabla halijageuka. Sikuwalaumu. Asiyepata kiti kwa kwenda mbele atakitafuta kwa kurudi nyuma.

Lakini kuna swali ambalo hata shangazi hakuniuliza, na nililijua masika moja, mtoto wetu akiwa na mwaka mmoja. Mchana nilikuwa namwacha kwa mama mwenye nyumba, mama wa Kipare, mtu wa maneno machache. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu saa sita. Nilipotoka kazini, Mto Msimbazi ulikuwa umeifunika barabara pale Jangwani, na askari wanarudisha watu. Nyumbani hakuna simu. Mume wangu yuko zamu ya usiku. Tukawa kundi la watu kama thelathini, tukazunguka kwa miguu kupitia Upanga, daraja la Salenda, Kinondoni, hadi Magomeni. Kwa shangazi nilifika usiku mkubwa. Alinipa chai na khanga kavu, akataka nilale. Sikuweza. Nikatoka tena barabarani.

Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yanatoka Kimara hadi Kivukoni katika njia yao wenyewe, na masika yakija na nguvu bado maji hupanda barabarani palepale Jangwani. Kila ninaposikia redioni kwamba barabara imefungwa, nawaza ni mama wangapi wamebaki upande wa mjini.

Usiku ule nilipata lori la mchanga lililokuwa linarudi. Dereva, Mungu amlipe, hakutaka hata senti. Alinishusha Kimara saa kumi alfajiri, giza, mvua imekatika. Nilikimbia kilimani viatu mkononi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na kibatari kinawaka koridoni. Mama mwenye nyumba amekaa kwenye mkeka, mwanangu mgongoni kwake, amefungwa kwa khanga, amelala.

Nikaanza kueleza mambo ya Jangwani. Akaniwekea kidole mdomoni nisimwamshe mtoto.

"Uji amekunywa," alisema. "Maji ya kuoga yapo kwenye ndoo. Kabadili nguo, mama, gari la kwanza bado halijaondoka."