Nilinunua Mtumbwi Bila Karatasi

Mimi ni Bwana Shamba hapa Mchukwi. Kazi yangu ni mikorosho, mihogo na mpunga. Leo sitakueleza habari za kupulizia mikorosho. Nataka nikueleze jinsi nilivyonunua mtumbwi wa kwanza maishani mwangu, na jinsi nilivyoulipia mara moja na nusu.

Labda unajiuliza, Bwana Shamba anataka nini na mtumbwi? Mchukwi ni nchi kavu. Ni kweli. Lakini wengi wetu tuna ndugu au mashamba kule delta. Mjomba wangu analima mpunga ng'ambo ya Nyamisati. Huko hakuna barabara. Njia ni mito tu, inayopita katikati ya mikoko, na maji yake hujaa na kupwa pamoja na bahari. Kila mavuno mjomba alikodi chombo cha mtu. Gunia moja hapa, gunia moja pale, yote yalikwenda kwa mwenye chombo.

Mwaka mmoja mjomba aliuza korosho zake vizuri. Akaniita, akaniambia, "Mpwa wangu, nusu nitoe mimi, nusu utoe wewe. Tununue mtumbwi wetu." Nilikubali siku hiyo hiyo.

Tulimpata muuzaji katika kijiji kimoja cha delta. Mtumbwi wake ulikuwa wa mwembe, mpana, unabeba magunia kumi. Mjomba aliukagua vizuri. Aligonga ubavu akasikiliza. Alichokoa kwenye nyufa kwa ncha ya kisu, aone kama kalafati bado imeshika. Alitazama omo, akatazama shetri, akakuta kiraka cha ubao upande wa kushoto. Mwisho aliingia ndani, akapiga kafi mpaka ng'ambo, akarudi. Kwa kukagua mti, mjomba ni hodari. Kwa karatasi alinitegemea mimi, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo.

Na mimi msomi niliandika nini? Nilichana ukurasa wa daftari, nikaandika: "Nimepokea fedha za mtumbwi mmoja." Muuzaji akatia dole gumba. Basi. Sikuandika tarehe. Sikuandika jina la kijiji. Hapakuwa na shahidi hata mmoja. Naona haya mpaka leo, maana kila msimu nasimama mbele ya wakulima kuwaambia watunze stakabadhi za korosho zao.

Hayo yalikuwa mwezi wa Machi. Mwezi wa Juni mpunga ukaiva. Siku mjomba alipofika pwani na magunia matupu, aliwakuta akina mama wawili wamesimama kando ya mtumbwi pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Walikuwa dada zake yule muuzaji. Wakasema, "Mtumbwi huu ni wa marehemu baba yetu. Mirathi haijagawanywa. Kaka yetu ameuza mali isiyo yake peke yake."

Mjomba alinipigia simu. Nilipofika nilitoa ile karatasi yangu mfukoni. Mwenyekiti aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maneno mengine. Hayakuwapo. Akasema mtumbwi ubaki nchi kavu mpaka shauri lisikilizwe. Sikuweza kumlaumu. Muuzaji alikuwa amekwisha vuka kwenda Mafia, na simu yake haipatikani.

Ndugu msomaji, mpunga haungoji shauri. Ndege walikuwa wanakula asubuhi na jioni. Mjomba alikodi chombo kama zamani, tena kwa bei ya mtu mwenye shida. Mtumbwi wetu ulilala juani majuma saba. Mti uliozoea maji ukikaa juani hupasuka. Ulipasuka. Mjomba alikuwa akipita kando yake kila siku, hasemi neno. Mimi nilitamani anigombeze.

Tulipokaa kikao, wale akina mama walisema maneno ya haki. Hawakutaka kutunyang'anya. Walitaka sehemu yao. Wao walifuata hesabu ya mirathi ya Kiislamu. Mtoto wa kiume hupata mafungu mawili, wa kike fungu moja. Wazazi wote walikuwa wamefariki. Kaka mmoja na dada wawili, jumla ni mafungu manne. Kwa hiyo nusu ya mtumbwi ilikuwa ya wale mama. Tukawalipa nusu ile. Nusu nyingine tulikuwa tumekwisha mlipa kaka yao, pamoja na ile isiyokuwa yake.

Nikaandika hati mpya. Safari hii niliandika tarehe, majina yetu, na majina ya mashahidi. Nikajiona nimefanya vizuri. Lakini yule dada mkubwa, ambaye alijifunza kusoma katika darasa la kisomo akiwa tayari ana wajukuu, alisema, "Nipe niisome mwenyewe kabla sijatia sahihi." Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alipofika katikati akasimama. Akaniuliza, "Mwanangu, umeandika mtumbwi mmoja. Pwani hapa mitumbwi ni mingi. Huu ni upi?"

Watu walicheka, nami nikacheka, lakini alikuwa amesema kweli. Tukatoka nje na kamba, tukaupima urefu na upana. Tukaandika kwamba ni mtumbwi wa mwembe, una kiraka cha ubao shetri upande wa kushoto, na omo yake imepakwa rangi ya buluu. Tukaandika bei kwa tarakimu na kwa maneno. Tukaandika kwamba wanaouza ni warithi, na kwamba fedha zimelipwa zote. Mtendaji wa kijiji akagonga mhuri. Tulitoa nakala tatu.

Nawe ukitaka kununua chombo, anza hapo. Kabla hujatazama kalafati, uliza: chombo hiki ni cha nani? Usimwulize muuzaji peke yake. Waulize watu wa pwani ile. Vijiji vingi vya wavuvi vina kikundi cha kulinda rasilimali za uvuvi, ambacho watu hukiita BMU. Watu wa kikundi hicho wanavijua vyombo vya pwani yao na wenyewe. Kama mimi na mjomba tungewauliza, wangetuambia mara moja kwamba mtumbwi ule ni wa marehemu fulani. Tungekunywa chai yetu tukarudi nyumbani na fedha zetu.

Kama chombo kimekwisha sajiliwa, taka kuona cheti chake. Kisha nenda kwenye chombo chenyewe, ulinganishe namba iliyo kwenye cheti na namba iliyopakwa ubavuni. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, usitoe fedha. Zikiwa sawa, tazama jina la mwenye chombo. Ukikinunua, jina hilo lazima libadilishwe liwe lako. Ukiacha jina la mtu mwingine, mbele ya serikali chombo bado ni chake.

Baada ya hati ile mjomba alidhani tumemaliza. Alitaka kuvua kamba kipindi ambacho hakuna kazi ya mpunga. Nikamwambia, "Mjomba, safari hii tuulize kwanza." Tukaenda kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri. Siku hizi watu wa Mchukwi tunakwenda Kibiti. Kabla Kibiti haijawa wilaya, tulifuata mambo ya namna hii Utete, ng'ambo ya Mto Rufiji, na safari ile ilikula siku nzima au zaidi.

Afisa Uvuvi alitueleza habari ya Sheria ya Uvuvi, Namba 22 ya mwaka 2003. Chombo cha kuvulia lazima kisajiliwe. Kisha kipate leseni. Na mtu anayevua, naye awe na leseni yake. Mjomba akashangaa. "Mtumbwi mmoja, karatasi tatu?"

Yule afisa hakukasirika. Alisema usajili ni kama cheti cha kuzaliwa. Unaonyesha chombo hiki ni kipi na ni cha nani. Leseni ya chombo ni ruhusa ya kukitumia kuvulia. Leseni ya mvuvi ni ya mtu mwenyewe. Ukimpa jirani mtumbwi wako wenye leseni akavue, naye hana leseni yake, amevunja sheria ingawa mtumbwi ni halali. Mjomba alielewa. Mimi pia, maana hata mimi nilikuwa nadhani karatasi moja inatosha wote.

Akaongeza kwamba leseni hairuhusu kila kitu. Hakuna leseni ya baruti, wala ya sumu, wala ya kokoro. Na leseni ina tarehe ya mwisho. Ukishaipata, tafuta tarehe hiyo kwanza. Kama huioni, mwulize aliyekupa akuonyeshe.

Habari ya fedha ni fupi. Ada hubadilika, kwa hiyo sikutajii kiasi. Malipo ya serikali siku hizi hulipwa kwa namba maalumu unayopewa, kwa simu au benki. Ukiambiwa utoe fedha taslimu mkononi bila namba na bila risiti, kataa kwa adabu. Ondoka, ukaulize kwa mkubwa wake.

Sasa kuna jambo la abiria. Nyamisati ni bandari. Watu wa vijiji vya delta hupita hapo, na watu wa Mafia vilevile. Jirani mmoja alimshauri mjomba apakie watu kwa nauli siku ambazo hakuna mzigo. "Watu hawana uzito kama magunia," alisema. Neno hilo lilinitisha. Gunia likizama umepoteza gunia.

Usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Wazee wengine bado wanasema SUMATRA. SUMATRA ndiyo iliyokuwa na kazi hiyo zamani. Watu wa TASAC hukagua chombo na kutazama kama kina vifaa vya kuokolea watu. Chombo cha abiria huandikiwa idadi ya watu kinaoweza kuchukua. Usiidharau namba hiyo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria. Kilikuwa na uwezo wa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Idadi ilikuwapo kwenye karatasi, lakini waliopanda walikuwa wengi kuliko karatasi.

Mjomba alifikiri siku mbili. Akaamua hatachukua abiria, maana mtumbwi una kiraka. Mimi nilifurahi. Tulinunua majaketi ya kuokolea matatu, kwa sababu huwa tunakwenda watu watatu. Mjomba husema linamwasha shingoni. Nimemwambia livae hivyo hivyo.

Pengine wewe hutaki chombo kikuukuu. Unataka kumpa fundi kazi akutengenezee kipya. Hapo nako uliza, mti umetoka wapi? Kama ni mwembe, mwembe una mwenyewe, na kijiji kijue unakatwa. Kama ni mashua au dau lenye mataruma, tazama zaidi. Mafundi wengi wa pwani hupenda mlilana kwa mataruma, na mlilana ni mmoja wa miti ya mikoko. Mikoko ya delta ya Rufiji ni hifadhi ya serikali, na ndiyo mikubwa kuliko yote Tanzania. Haikatwi bila kibali. Kazi hiyo inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002. Fundi akikuambia "hayo niachie mimi", usimwachie. Mwambie akuonyeshe kibali, ukisome. Mbao zikikamatwa, fundi ana zana zake na anaweza kwenda kwa mteja mwingine. Wewe utakuwa umekwisha toa fedha.

Najua wako wasomaji ambao wanaona haya kusoma mbele ya watu, kwa sababu wanasoma polepole. Mimi husoma haraka, na ile karatasi yangu ya kwanza niliisoma kwa nukta moja. Yule mama alisoma kwa muda mrefu, kikao kizima tukimsubiri, na yeye ndiye aliyeona kosa.

Mtumbwi wetu ulirudi majini mwezi wa Septemba, baada ya kupigwa kalafati upya ubavu mzima. Bado unavuja kidogo. Karatasi zake ziko katika kopo la maziwa lenye mfuniko, ndani ya sanduku la mjomba. Nakala moja ninayo mimi hapa Mchukwi, na nyingine wanayo wale akina mama. Mjomba hakusoma shule, lakini tarehe ya mwisho ya leseni aliniomba nimwandikie kwa chaki nyuma ya mlango wake. Sasa anaijua kwa sura. Mwezi uliopita alinipigia simu alfajiri, akaniambia, "Mpwa wangu, tarehe ile ya mlangoni imebaki siku kumi. Njoo twende Kibiti."