Kuhesabu Vipande

Niliporudi Arash likizo, baba aliniuliza swali nililokuwa nikilikwepa: "Wale ng'ombe tuliouza kwa ajili ya ada, wamekuwa nini?"

Nilimweleza nilivyoweza. Ndani ya kila atomu kuna kiini chenye protoni na, kwa kawaida, nyutroni. Nyutroni zikizidi sana protoni, kiini hulipa gharama ya nishati. Hiyo ndiyo nishati ya simetria. Haipimwi moja kwa moja. Kule Michigan, Marekani, waligonganisha viini vya bati-124, vyenye nyutroni 74, kisha vya bati-112, vyenye 62, wakalinganisha vipande vilivyotoka. Mimi naiga migongano hiyo kwenye kompyuta. Gharama hiyohiyo husaidia kuamua ukubwa wa nyota ya nyutroni, inayoweza kulizidi Jua kwa uzito huku upana wake ukiwa kilomita 20 na kitu tu.

Baba alinyamaza, halafu akasema, "Basi unafanya kama mimi asubuhi, fisi akishapita. Hukumwona. Unasoma alichoacha."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kwenye ukame wa 2022 alisoma mizoga asubuhi nyingi, nami nilikuwa bwenini, nikitumiwa hela ya matumizi.

Jioni alinipa fimbo nihesabu ng'ombe wakiingia bomani. Nilipoondoka kwenda chuo walikuwa 40. Nilihesabu 11. Nikarudia kuhesabu.

"Ni hao hao," alisema. "Mwanangu, malizia hesabu zako."