Ikaishia Wapi?

Watu wanaojisifu kwamba hawajawahi kuacha kitabu katikati huwa siwaamini. Ama wamesoma vichache, ama wamesoma kwa ajili ya mtihani tu. Mimi nimeviacha vingi, na kila umri ulikuja na sababu yake.

Utotoni, sababu ilikuwa vitabu vyenyewe. Ujiji ya miaka ya 1980 riwaya haikununuliwa, ilipitishwa. Ilizunguka mtaa mzima, na ilipokufikia ilikuwa haina jalada na, mara nyingi, haina kurasa za mwisho. Muuza karanga aliihitaji karatasi kuliko sisi. Ulikuwa unaweza kumaliza karanga zako ukajikuta umeshika ukurasa wa riwaya usiyoijua, umejaa chumvi, mtu yuko mlangoni na bastola, basi. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, niliisoma hivyo hivyo: hadithi ya upelelezi iliyokatika kabla mhalifu hajajulikana.

Mimi ningeridhika. Tatizo lilikuwa bibi. Alikuwa amehitimu Kurani tangu msichana, lakini maandishi ya shule hakuyajua, kwa hiyo wakati wa likizo kazi yangu baada ya sala ya isha ilikuwa kumsomea kwa mwanga wa chemli. Habari za kurasa zilizochanika hakutaka kuzisikia.

“Ikaishia wapi?”

“Imeishia hapa, bibi. Kurasa hazipo.”

“Mtu kauawa, halafu aliyemuua hajulikani? Sema umechoka kusoma, mume wangu.”

Nikawa natunga. Nilishika kitabu vilevile, macho kwenye ukurasa, nikasoma maneno ambayo hayakuwepo. Muuaji wangu kila mara alikuwa mtu mpole, mwenye salamu nzuri, ambaye hakuna aliyemshuku. Bibi alikuwa akitikisa kichwa na kusema yeye alimjua tangu mwanzo. Mwisho wenyewe wa kitabu kile nimekuja kuusoma nikiwa mtu mzima, baada ya kupata nakala nzima kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam. Siusimulii hapa, ila nina hakika bibi angeukataa.

Nilipopelekwa bweni Tabora, usomaji ukahamia kwenye treni. Safari ya kurudi Kigoma wakati wa likizo ilikuwa ya usiku mmoja kwa mujibu wa ratiba, na zaidi ya hapo kwa mazoea. Taa za daraja la tatu zilikuwa za kubahatisha, hivyo ulisoma mbio mbio kabla jua halijazama, ukaendelea alfajiri kwenye baridi ya kuelekea Uvinza. Kaliua, pale njia ya Mpanda inapochepuka, treni iliweza kusimama muda wa kutosha kumaliza sura mbili. Katika Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, Willy Gamba alishafika Nairobi na kupambana na majasusi. Sisi bado tuko Kaliua, tunauziwa asali. Wala hukusoma peke yako. Abiria wa kando alikuwa akikuomba usigeuze ukurasa kwanza, hajafika chini. Riwaya za safari zile nilizimaliza zote, maana mwenye kitabu alikuwa behewa la pili na anakitaka kabla ya Kigoma.

Shuleni kwenyewe ndiko tulikofundishwa kuacha vitabu kwa ustadi. Tulimaliza miongozo, vitabu tukaviacha. Kusadikika ya Shaaban Robert niliijua kwa fani na maudhui, ningeweza kukutajia dhamira zake usingizini, na Karama mwenyewe sikuwa nimekutana naye. Miaka mingi baadaye niliisoma yote kwa jioni moja nikapigwa na butwaa. Kumbe ni kesi! Mtu amesimama mbele ya mfalme anapigania roho yake kwa sababu ametaka kuanzisha mafunzo ya sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mema, wakafungwa. Kitabu kilichapishwa 1951, mkoloni yupo. Hakuna mwongozo ulionipa joto la kesi ile.

Kisha ukaja wakati wa magazeti ya udaku na hadithi zake za mfululizo, Eric Shigongo akiwa mbele ya wote, na neno “itaendelea” likawa linatutoa senti kila wiki. Leo mpwa wangu anasoma simulizi kwenye WhatsApp: sehemu za mwanzo bure, halafu mtunzi anakwambia ukitaka “full” tuma elfu moja kwa simu. Wapo wanaowacheka watunzi hao. Mimi siwacheki, wamepata njia ya kulipwa ambayo wengi wenye majalada mazuri hawakuipata.

Ukubwani nimeanza kuacha vitabu kwa hiari. Vingine navirudia na kukuta kosa halikuwa la kitabu. Paradise ya Abdulrazak Gurnah niliianza kwa Kiingereza nikaiweka kando, kwa kuwa nilikuwa nikisoma kitabu kwa mkono mmoja na kamusi kwa mwingine. Mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel, Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Niliibeba kwenda nayo nyumbani likizo ya Idi. Msafara wa wafanyabiashara unatoka pwani unaingia bara, na mimi nimezaliwa Ujiji, misafara ya namna ile ilikokuwa ikilifikia ziwa. Wageni walikuja kutoa mkono wa Idi wakanikuta chini ya mwembe, wakaondoka nikiwa palepale. Kwa kitabu kile nilistahili kusemwa, na nilisemwa.

Siku hizi kitabu kigeni nakipa safari moja. Kikinishika njiani, nakimaliza nyumbani. Kisiponishika, nampa mwingine. Sheria hiyo niliitunga enzi za safari ndefu, na sasa imeanza kuvionea vitabu. Treni ya mchongoko inakutoa Dar es Salaam na kukufikisha Dodoma kwa saa tatu na ushee, bila kusimama Kaliua ya aina yoyote. Ni raha kwa mwenye kikao, hasara kwa riwaya nene.

Kilichonishinda moja kwa moja ni Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika yake niliimaliza bila kupumzika. Nagona ni kitabu chembamba, unaweza kukitia mfukoni, lakini kila nikikianza nafika mahali najiuliza niko wapi, na nani anasema. Bado sijakigawa. Nitakibeba tena likizo ya Desemba, na mwongozo wake sinunui.