Kabla Hujalipia Pro, Jua Unalipia Nini

Nianze na jambo litakalowaudhi baadhi yenu: ile apu ya kuchezea video mliyoilipia, mara nyingi haifungui faili nyingi kuliko ilivyokuwa ya bure. Mumelipia ukimya. Matangazo yameondoka, basi. Faili iliyokataa jana itakataa na leo, ila leo itakataa bila tangazo la kamari.

Swali lenyewe limetoka nyumbani. Binamu zangu wa Kiwayu wameniuliza mara tatu mwezi huu: "Dada, nilipe Pro ama niwache?" Nimeona sauti ya WhatsApp haitoshi, na najua hata nyinyi wa Bamburi na Umoja mnaulizana hivyo hivyo. Kwa hivyo naliandika mara moja, tusome sote.

Kwa wasiokujua, Kiwayu ni kisiwa kirefu, chembamba, huko mwisho wa visiwa vya Lamu, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, ukielekea mpaka wa Somalia. Kutoka Mombasa unapanda basi hadi Mokowe, boti hadi Amu, halafu boti tena, unapita Pate, unapita Ndau, ndio ufike. Nyumbani kwetu taa na simu zote zinategemea sola. Mtandao huja ukijisikia wenyewe. Sasa hapo nani atatazama muvi mtandaoni? Video inafika kama unga na sukari: na mtu, kwa boti, ndani ya memori kadi ama flashi.

Hii si habari ndogo. Ukitazama YouTube ama Netflix, kuna kompyuta za kampuni upande wa pili zilizokwisha kuiandaa ile video kwa namna nyingi, zikakuchagulia inayoelewana na simu yako. Huna haja hata ya kujua fomati ni nini. Faili iliyokuja na boti haina wa kukuandalia. Ni wewe, simu yako na apu yako. Apu ikishindwa, umeshindwa na wewe.

Jahazi na shehena

Wengi wanadhani MP4 ni aina ya video. Sivyo. MP4 ni chombo tu, na sisi watu wa pwani chombo tunakijua. Chukulia ni jahazi. MKV ni jahazi jengine. AVI ni jahazi la zamani. VOB ndilo lililokuwa likibeba mizigo ya DVD. Ndani ya jahazi mna shehena: picha iliyofungwa kwa njia moja, sauti iliyofungwa kwa njia nyengine, pengine na maandishi ya tafsiri. Ile njia ya kufunga na kufungua ndiyo kodeki. H.264 ya mwaka 2003 ni kodeki ya picha. H.265, ambayo pia inaitwa HEVC, ilikuja 2013. AAC, AC3 na DTS ni za sauti.

Kwa hivyo jahazi laweza kutia nanga salama, lakini makuli wasijue kufungua mzigo mmoja. Ndio maana muvi ya MKV inacheza, picha safi kabisa, lakini watu wanachezesha midomo kama samaki. Simu imeelewa H.264 ya picha, haikuelewa DTS ya sauti. Faili haijaharibika, na aliyekukopia hakukutapeli. Ni kuli mmoja tu hayuko kazini.

Mbona kuli hayuko?

Si kwamba kazi ni ngumu. Kodeki nyingi zina hataza, yaani haki ya kisheria ya wale walioibuni, na kampuni inayotaka kuitia kwenye bidhaa yake inatakiwa ilipie leseni. Microsoft ilipotoa Windows 8 mwaka 2012, iliondoa uwezo wa kucheza DVD kwenye Windows Media Player. Baadaye, kwa Windows 10, ikawa inauza apu ya kucheza DVD kwa dola 14.99. Na kiongezo chake cha HEVC kina bei ya dola 0.99. Yaani umenunua kompyuta nzima, na bado kuna mlango ndani ya nyumba yako mwenyewe unaotaka ununue ufunguo.

Sasa njooni kwa MX Player, maana ndiyo iliyo kwenye simu za nusu ya watu ninaowajua. Ni apu nzuri, nyepesi, na ina toleo la bure lenye matangazo na toleo la Pro la kulipia. Kwa sababu ya leseni, iliondoa sauti za AC3 na DTS. Na hapa ndipo pa kusikiza vizuri: iliziondoa kote kote. Mwenye Pro na mwenye ya bure walikaa benchi moja, wote wakitafuta faili ya kodeki ya kuongeza pembeni. Pesa ya Pro ilinunua skrini isiyo na matangazo. Haikununua sauti.

Sisemi ni utapeli. Ukisoma maelezo ya Pro nyingi, hazikuahidi fomati. Sisi ndio tunajiahidi. Tunaona neno Pro, tunadhani kila kilichokwama kitakwamuka. Biashara za mjini zimetufunza kwamba cha kulipia ndicho kizima na cha bure ndicho kibovu. Kwenye apu za video hesabu hiyo mara nyingi haitoki.

Bure ziko mbili

Kuna bure ya mtego na kuna bure ya waqfu. Bure ya mtego ni ile inayokupa apu, halafu inachukua bando lako kwa matangazo na kuangalia unachotazama. Bure ya waqfu ni kama kisima cha msikiti: mtu kachimba, kila mpita njia anateka.

VLC ni ya aina ya pili. Mradi wake ulianza mwaka 1996 kwa wanafunzi wa École Centrale Paris waliotaka kurusha video kwenye mtandao wa chuo chao, na mwaka 2001 wakaitoa kwa leseni ya GPL, kila mtu aitumie na aione ilivyoandikwa. Ile koni ya barabarani unayoiona kama alama yake ni kumbukumbu ya wanafunzi hao. Leo inasimamiwa na VideoLAN, shirika lisilo la faida, na Januari 2025 lilitangaza kwamba VLC imepita upakuaji bilioni 6. Mkuu wake, Jean-Baptiste Kempf, amesema hadharani kwamba alikataa mamilioni ya euro ili isitiwe matangazo.

Imewezaje kufungua kila kitu bila kulipisha? Sababu ni mbili. Ya kwanza, inabeba kodeki zake yenyewe, haingojei simu yako izijue. Nyingi zinatoka kwa FFmpeg, kazi ya wazi iliyoanza mwaka 2000, na apu za kulipia nazo hupika kwa jiko hilo hilo. Ya pili, VideoLAN iko Ufaransa, ambako sheria haiichukulii hataza ya programu ya kompyuta kama inavyochukuliwa Marekani. Kampuni ya kibiashara inaogopa kushtakiwa. Hawa wamesimama pahala ambapo shoka halifiki.

Kopo la biskuti

Mtu atasema, "Basi muvi isipocheza si utafute nyengine?" Sawa, kama ni muvi. Ama kama ni zile za DJ Afro, utapata kopi kwa kila jirani. Lakini hebu niwaambie kilichomo kwenye kopo la biskuti la halati yangu.

Mna DVD za harusi, na kati ya hizo mna za kupamba, usiku wa wanawake, bibi harusi kakaa, wenzake wote bila buibui. Picha ni MPEG-2 ndani ya VOB, na galari ya simu haina habari nayo. Sasa ukitafuta msaada mtandaoni utaambiwa: pakia faili kwenye tovuti fulani, itabadilishwa iwe MP4, bure. Wallahi hapana. Video ya kupamba haipakiwi kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Kwa watu wetu hiyo ni sitara ya wanawake kumi, ishirini, na wengine ni mama zenu. Apu inayofungua faili hapo hapo, bila mtandao na bila kutuma chochote popote, ndiyo inayolinda heshima ya nyumba.

Na mna kadi moja ndogo ya kamera ya zamani, yenye AVI za babu akiimba vave. Vave ni ushairi wa wakulima wa Kibajuni, unaoimbwa msimu wa kufyeka na kuchoma mashamba. Babu na wenzake walilima bara, ng'ambo ya kisiwa, mpaka vita vya Shifta vya miaka ya 1960 vikawaondoa wengi huko. Mashamba yakarudi kuwa msitu, na waimbaji wakawa wanapungua mmoja mmoja. Babu hayuko tena. Kamera za namna ile zilifunga video kama rundo la picha za JPEG zinazofuatana, ndio maana faili ni nzito na simu nyingi haziielewi. VLC ilifungua zote. Babu anakohoa kidogo, anarekebisha kofia, kisha anaanza, na utasikia Kibajuni ambacho mimi mwenyewe nusu yake lazima niulize.

Kwa hivyo nikisikia mtu akisema fomati ni mambo ya mafundi, namwambia hapana. Fomati ndiyo inayoamua babu yako ataongea ama atanyamaza. Kodeki ikipotea, sauti ipo na haipo. Bora iwe kwa watu wasioweza kuja kesho kukwambia, "Sasa kusikiza ni kwa malipo."

Lini ulipe?

Sina ugomvi na kulipa. Kuna apu zinazolipia leseni kihalali na kukupa kitu kweli. Kwa iPhone na Apple TV kuna Infuse: ya bure ina mipaka, na Pro ndiyo inayofungua fomati zaidi pamoja na sauti za Dolby na DTS. Hapo ganji yako imenunua kuli. Na kama matangazo yanakukera na unaweza, lipa, ila ujue umenunua nini.

Kipimo changu ni hiki. Chukua ile faili yako sumbufu kuliko zote, ijaribu kwenye apu ya bure. Ikikataa, angalia maelezo yake. VLC inakuonyesha kodeki ya picha na ya sauti. Kisha soma maelezo ya ile Pro: je, imeitaja kodeki hiyo kwa jina? Haikutaja, usitoe hata bob.

Na kuna kitu ambacho hakuna apu itakuuzia, ya bure wala ya kulipia: chipu. Simu ikiwa na sehemu maalumu ya kufungua HEVC, video inacheza kwa ulaini. Ikiwa haina, apu italazimisha kwa nguvu ya prosesa, simu iwe moto kama chapati, betri iyeyuke. Faili ya HEVC inaweza kuwa kama nusu ya ukubwa wa H.264 kwa picha ile ile, kwa hivyo flashi inabeba muvi zaidi. Mjini utafurahi. Kwa mtu wa sola na simu ya miaka saba, ni afadhali H.264 nzito kidogo kuliko HEVC nyepesi inayomaliza chaji kabla muvi haijafika katikati. Ukinikopia binamu zangu, wakopie H.264.

Mwisho, haya ya kufanya, na si ya Kiwayu pekee. Watafutieni wazee wenu DVD na kadi za zamani wikendi hii, maana chumvi na joto la pwani havingojei. Kopi faili ya asili kama ilivyo, pahala pawili, usiibadilishe halafu ukafuta ile ya kwanza, kwa sababu kila ukiifunga upya unapoteza kitu. Weka VLC, ambayo VideoLAN haiuzi, kwa hivyo ukidaiwa pesa ujue umeingia duka silo. Na ile pesa ya Pro uliyokuwa ushaiweka kando, kama roho yako inataka kutoa, VideoLAN wanapokea mchango.

Binamu zangu, jibu ndilo hilo. Niwacheni nilale.