Usiku wa Dunguni

Elimu ya kuhifadhi wanyama ina milango miwili: mmoja huingilia vitabuni, wa pili huingilia shambani. Mlango wa kwanza niliupita katika chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 chini ya Kilimanjaro. Wa pili nilifunguliwa kusini, nilipopelekwa kwa mazoezi ya kazi ya miezi mitatu katika vijiji vilivyo karibu na Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, ambalo mto Ruvuma hulitenga na Msumbiji.

Nilipanga chumba Mkomaindo, mjini Masasi, na kila juma nilikwenda vijijini kuandika hasara za wakulima. Tembo alitajwa kwa hofu. Nguruwe mwitu alitajwa kwa uchovu. Tembo huja mara moja moja akapita, lakini nguruwe ni mgeni wa kila usiku. Kwa ajili yake mkulima huiacha nyumba yake mazao yanapokaribia kuiva, akahamia dunguni, akipiga debe na kuchochea moto mpaka alfajiri.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005 na Craig Packer na wenzake, Watanzania wakiwamo, ulionyesha kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania na kujeruhi wasiopungua 308. Mkoa jirani wa Lindi ni miongoni mwa sehemu zilizoumia sana, hasa wakati wa mavuno. Sababu yake ni nyepesi kueleza na nzito kuishi nayo: mahali ambapo mawindo mengine yamepungua, simba humfuata nguruwe, nguruwe huyafuata mazao, na mkulima hulala katikati yao.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nililala usiku mmoja katika dungu la mzee mlinda mahindi. Kila jani lilipotikisika, tulinyamaza wote wawili. Nikamwuliza, "Babu, unawachukia wanyama?"

"La, mjukuu wangu," akajibu. "Nauchukia usiku. Kukicha, nyinyi huwahesabu wanyama wenu. Mimi huwahesabu wanangu."

Kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina hayo yana uaminifu: hufuta tu, hayarudishi. Usingizi hauna fidia, wala mtoto hana thamani ya fedha.

Kwa hiyo, atakaye simba aishi hana budi kuanza na jambo dogo lisilo na sifa: kumsaidia mkulima kumzuia nguruwe, kwa handaki, kwa ua imara au kwa msako, ili mwenye shamba alale nyumbani kwake na mlango umefungwa. Mnyama hulindwa na askari mchana. Usiku hulindwa na radhi ya jirani yake, na radhi hiyo hainunuliwi kwa hotuba.