Kigoda cha Milansi

Hapa Kaoze, mtu akiinua macho huuona Lyamba lya Mfipa, ukuta wa milima unaotutenga na uwanda wa Ufipa. Huko juu ndiko iliko Milansi, mahali ulipoanzia ufalme wetu. Habari zake nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Lakini mwaka mmoja zilinigeukia mimi mwenyewe, na ndiyo sababu ya kuziandika.

Wazee husimulia hivi. Mfalme wa kwanza wa Milansi aliitwa Ntatakwa. Siku moja alikwenda kuwinda, akamwacha mkewe nyumbani. Nyuma yake wakaja wanawake watatu wa ukoo wa Watwa, wageni kutoka mbali. Yule mama aliwapokea vema, kwani mgeni njoo, mwenyeji apone. Akamketisha mkubwa wao juu ya kigoda cha mfalme. Ntatakwa aliporudi alimkuta mgeni yu katika enzi, wala haondoki. Hawakupigana, bali walipatana: Watwa washike nchi, naye abaki na Milansi yake na heshima ya ukuhani. Uzao wa wanawake hao ndio uliotawala Ufipa, hata ukagawanyika pande mbili, Nkansi na Lyangalile. Utawala wa machifu ulifutwa nchini mwaka 1963.

Basi, mwaka ule mwalimu wetu mkuu aliugua, akaenda kutibiwa mbali. Nikaambiwa nishike nafasi yake mpaka arudi. Mwanzo niliona haya hata kukikalia kiti chake. Lakini mwezi wa pili nilikuwa nimekwisha kukizoea. Funguo zililia mfukoni mwangu nikitembea, na wazazi waliniamkia kwa heshima kuliko zamani. Nikapanga upya vipindi, nikahamisha meza yake dirishani. Nilipopata habari ya kuwa amepona na yu njiani, moyo wangu, ambao ulipasa kufurahi, ukawa mzito. Usiku nikaandika barua kwa wakubwa, nikisema kwamba mzee huyu amechoka, na kwamba shule imeendelea vizuri mikononi mwa mwingine. Kila neno lilikuwa la adabu. Nikaitia mfukoni pamoja na funguo.

Asubuhi yake somo la historia lilikuwa Milansi. Nilipomaliza, msichana mmoja akanyosha mkono, akauliza: “Mwalimu, yule bibi alipoona mwenyewe amerudi, hakuweza kusimama?”

Nikanyamaza. Wanafunzi wakadhani natafuta jibu katika kitabu.

Mchana kutwa swali lile halikuniacha. Nikakumbuka habari nyingine niliyoisoma chuoni, ya pwani yetu. Katika karne ya 14 sultani Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331, alikuwa kijana alipokwenda Maka kuhiji, akakawia Aden kwa masomo. Historia ya Kilwa husema kwamba nduguye Daud alishika enzi mahali pake. Hasan aliporudi, Daud alimwachia enzi. Kilwa wakati ule ilikuwa tajiri kwa dhahabu ya Sofala. Aliyoacha hayakuwa machache. Baadaye Hasan alipokufa, Daud alitawala, na safari hii kiti kilikuwa chake.

Wasomaji wapenzi, simhukumu yule malkia wa Watwa, maana nchi ilipata wafalme kwake. Wala kutaka cheo si dhambi. Asiyetaka kupanda hubaki chini. Bali nimeona kwamba tamaa haijulikani siku ya kuketi. Siku ya kuketi kila mtu ni mnyenyekevu. Hujulikana siku mwenyewe anapobisha hodi.

Jioni niliichoma barua jikoni, nikairudisha meza mahali pake. Mzee alipofika nilisimama, nikampa funguo kwa mikono miwili. Alitazama daftari za mahudhurio, ukurasa kwa ukurasa, akasema, “Umezitunza vema, mwanangu.” Hakujua jingine, nami sikumwambia.

Sitadai kwamba tamaa imenitoka. Mpaka leo nikipita mbele ya chumba kile hukitazama kiti. Lakini hukumbuka pia sauti ya mtoto yule, nikaenda darasani kwangu.